Nimealikwa Tan Hill Inn, sinywi pombe, na mama yuko nami: niende?

"Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa pili kaskazini mwa Uingereza. Wenzangu wa wodini wamepanga Jumamosi moja katikati ya Novemba twende Tan Hill Inn, pabu ya zamani huko Yorkshire. Tutaacha magari kijiji cha Keld saa nne asubuhi, tupande kwa miguu, tule chakula cha mchana pale juu, kisha turudi kwa miguu. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Tanga, na nina mtoto wa kiume wa miaka 9. Mama anasema baa ni baa, na mtoto hapelekwi baa. Mimi sinywi, wala sijawahi kuingia pabu. Nikikataa naogopa nitaonekana najitenga na wenzangu. Nikienda sijui niagize nini wala zile raundi zao nizichangie vipi. Kuhusu kupanda sina wasiwasi, nimeona ni mita mia tano na kitu tu. Nifanye nini?"

Waalaykum salaam, dada. Kazi yangu ni kuongoza watembeaji katika mabonde na nyika za huko, na maswali kama yako nayapata kila msimu wa baridi unapokaribia. Hofu yako yote umeielekeza kwenye kaunta ya pombe, na njia ya kupanda umeiacha bila hofu hata kidogo. Ningekuomba ufanye kinyume. Ndani ya nyumba ile utapokewa vizuri. Kule nje ndiko kunakotaka maandalizi.

Tuanze na mama, maana ana haki ya kujibiwa kwa heshima. Baa anazozijua yeye ni za muziki mkubwa na walevi wa usiku, na mtoto kweli hana biashara huko. Pabu ya mashambani mchana ni mahali pa namna nyingine. Utakuta bibi na babu wanakula na wajukuu, mkulima amekaa na mbwa wake chini ya meza, na watembeaji wamevua makoti yaliyolowa wanaota moto. Sheria ya leseni ya mwaka 2003 ya England na Wales inamruhusu mtoto aliye chini ya miaka 16 kuingia akiwa na mtu mzima, ingawa kila nyumba inaweza kuweka masharti yake kuhusu saa na vyumba. Aliye chini ya miaka 18 hauziwi pombe. Sigara ndani ya jengo zimepigwa marufuku England tangu Julai 2007. Lakini mama naye asidanganywe: pombe inauzwa pale, watu watakunywa mbele yake, na Jumamosi jioni kelele huongezeka. Mchana na jioni katika nyumba hizi ni vitu viwili tofauti, na wewe unataka mchana.

Itakusaidia kujua nyumba ile ilifikaje pale, kwa sababu historia yake ndiyo inayoeleza tabia yake. Tan Hill Inn ina asili ya karne ya 17, na kwa mita 528 juu ya usawa wa bahari ndiyo pabu iliyo juu kuliko zote Uingereza. Hakuna kijiji pale. Ukisimama mlangoni unaona majani ya nyikani, barabara nyembamba na mawingu. Zamani kulikuwa na machimbo ya makaa ya mawe pande zote, nyumba za wachimbaji kando yake, na farasi wa mizigo wakipita kupeleka makaa mabondeni. Mchimbaji aliyetoka shimoni amelowa alihitaji moto, chakula na mahali pa kulala, na nyumba ikampa. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1929, nyumba za wachimbaji zikabomolewa, ikabaki pabu peke yake. Ikaendelea kuishi kwa wafugaji wa kondoo, kisha kwa wenye magari, kisha kwa watembea kwa miguu, hasa baada ya njia ya Pennine Way, yenye kilomita 430 hivi, kufunguliwa mwaka 1965 ikiwa inapita mlangoni kwake.

Kwa hiyo nyumba hiyo imezoea wageni wanaoingia wakiwa na baridi na njaa. Mhudumu anayekuona na mtoto na mama mtu mzima hajiulizi kwa nini hunywi. Anajiuliza kama mmepata nafasi karibu na moto. Mwaka 1995 ilikuwa pabu ya kwanza Uingereza kupewa kibali cha kufungisha ndoa, na arusi hizo huja na watu wa kila namna, wanywao na wasiokunywa.

Sasa namna ya kukaa. Pabu nyingi haziji kukuuliza mezani. Tafuteni meza kwanza, mtazame ina namba gani, kisha mtu mmoja aende kaunta kuagiza na kulipa hapo hapo. Foleni huenda isionekane kwa macho, lakini kila mtu anajua nani alifika kabla yake, na wewe pia uangalie. Kuacha bahshishi kaunta si lazima. Chai, kahawa, chokoleti ya moto, juisi na soda zipo. Maji ya bomba nyumba yenye leseni inawajibika kukupa bure ukiomba, basi omba bila haya. Jihadhari na vitu viwili: saida (cider) ya Uingereza ni pombe hata kama imeandikwa tufaha, na shandi (shandy) ni soda ya limau iliyochanganywa na bia, ingawa watu wataiita kinywaji chepesi cha mchana. Bia ya tangawizi kwa kawaida haina pombe, ila siku hizi kuna zenye pombe pia, kwa hiyo soma chupa.

Kwenye chakula ndipo wengi wanapoteleza bila kujua. Samaki wa chipsi mara nyingi huchovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia. Pai ya nyama mara nyingi ina bia ndani, na mchuzi mzito unaomwagwa juu ya nyama unaweza kuwa na mvinyo. Chipsi zinaweza kukaangwa kwenye mafuta ya wanyama, au kwenye mafuta yaleyale ya soseji za nguruwe. Nyama ya halali usiitegemee nyumba za vijijini. Uliza jikoni kwa maneno ya wazi: unga wa samaki una bia? Chipsi mnakaanga kwa mafuta gani? Supu ya mboga na mkate, viazi vya kuoka na jibini, au chakula cha wasiokula nyama kabisa, ndivyo vinavyowatoa salama wageni wangu wengi. Bado uliza, maana supu nayo hupikwa kwa maji ya mifupa mara nyingine.

Raundi zinakutisha bure. Utaratibu wake ni kwamba mmoja anawanunulia wote, kisha mwingine anafuata, hadi kila mmoja ametoa. Kinachoudhi watu ni yule anayekunywa raundi tatu za wenzake kisha anakumbuka ana safari. Mtu anayesema mapema, "Mimi na familia yangu tunajilipia wenyewe," haudhi mtu. Sema mkiwa bado mnavua makoti, usingoje glasi ziwe zimeshaagizwa. Ukitaka kuonyesha ukarimu wako, lipia chai ya meza nzima au sahani kubwa ya chipsi ya kushirikiana, na hakuna atakayedai umejitenga.

Kuhusu dini, mimi si mtu wa kukupa fatwa. Wako Waislamu ninaowaongoza ambao huketi pabu wakala na kunywa chai. Wako ambao hawakai meza yenye pombe kabisa, na wana hoja yao katika mafunzo ya Mtume. Mpelekee swali sheikh unayemwamini, na umweleze picha kamili niliyokupa hapa. Kama jibu litakuwa msikae meza moja na pombe, bado kuna njia: kuleni mkiwa Keld chakula mlichobeba, kisha mkutane na wenzenu mwisho kwa chai, au muombe meza yenu peke yenu. Na kwa kuwa Novemba mchana ni mfupi, adhuhuri na alasiri zitawakuta safarini zote mbili. Beba mkeka usiopitisha maji.

Hapo nimemaliza mambo mepesi.

Mita 528 zinakudanganya kwa sababu umekulia karibu na ikweta. Lushoto, ambako mama yako lazima amewahi kwenda, iko juu kuliko Tan Hill zaidi ya mara mbili, na Nairobi zaidi ya mara tatu, na watu wanatembea na mashati. Lakini Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na Tan Hill iko nyuzi 54 na nusu kaskazini. Novemba jua la huko halipandi, linatambaa pembeni mwa anga na halina nguvu ya kupasha ardhi. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kama nusu nyuzi au zaidi kidogo, kwa hiyo pale juu kuna baridi kuliko pwani ya Uingereza kwa nyuzi tatu hivi. Hilo peke yake si kitu. Kinachomaliza watu ni upepo na maji. Pale hakuna mti wa kukukinga. Upepo unakuja moja kwa moja, mvua inakuja ubavuni, na nguo ikishalowa inanyonya joto la mwili haraka. Katika miaka ya 1980 kampuni ya madirisha ya Everest ilipotaka kuwathibitishia watazamaji wa televisheni kwamba dirisha lake halipitishi upepo, ilikwenda Tan Hill Inn, na Ted Moult akadondosha unyoya mbele ya dirisha. Walichagua nyumba hiyo kwa sababu kila mtu alijua upepo wake.

Pamba ndiyo adui yako mkubwa: jinzi, fulana ya pamba, soksi za pamba, hata kanga ndani ya koti. Ikilowa haikauki, na inakaa kwenye ngozi ikiwa ya baridi. Vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka haraka, kisha kizuia upepo na mvua juu, buti zinazopanda hadi juu ya kifundo cha mguu, na mtandio wa sufu. Mtoto awe na soksi na glovu za akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Watoto hupoa haraka kuliko sisi na hawasemi mpaka wameshaanza kulia.

Sasa piga hesabu ya mpango wenu. Kutoka Keld hadi Tan Hill kwa Pennine Way ni kama kilomita 6 na nusu, mkipanda takriban mita 200. Na mtoto wa miaka 9, kwa tope la Novemba, weka saa mbili na nusu. Mkianza saa nne asubuhi mnafika saa sita na nusu. Kuagiza, kungoja chakula cha watu wengi na kula, saa moja na nusu imekwisha. Mnaanza kushuka saa nane mchana. Jua huzama karibu saa kumi, na siku ya mawingu giza hutangulia. Hapo mnaingia kwenye giza nyikani mkiwa bado njiani, shibe imewalegeza, na baadhi ya wenzenu wameshakunywa. Huo ndio mpango ninaoukataa. Mwezi Juni, jua likizama saa tatu na robo tatu usiku, ni matembezi mazuri kabisa.

Na ardhi yenyewe ina mambo yake. Sehemu kubwa ya nyika ile ni mboji nyeusi iliyolowa, yaani majani na kuvumwani vya miaka maelfu ambavyo havikuoza kwa sababu ya maji. Inaonekana imara, kisha mguu unazama hadi gotini. Pale penye kijani kinachong'aa sana, kama bustani iliyomwagiliwa, ndipo penye maji mengi zaidi; zunguka. Halafu kuna mashimo ya yale makaa ya mawe. Baadhi yamezungushiwa uzio, baadhi ni midomo iliyobomoka kwenye majani. Mtoto asikimbie nje ya njia karibu na Tan Hill, hata kama kondoo mzuri anamwita. Mtandao wa simu nao hukatika, kwa hiyo ramani ya karatasi ya 1:25,000, yaani sentimita moja ni mita 250, iwepo, na mmoja wenu awe anajua kuisoma.

Mwishoni mwa Novemba mwaka 2021, kimbunga cha Arwen kilileta theluji usiku mmoja, ikazuia milango na barabara, na watu 61 wakabaki ndani ya Tan Hill Inn siku tatu usiku na mchana. Walikuwa wamekuja kusikiliza bendi. Walilala kwenye makochi na magodoro, wakaimba, wakalishwa, wakatoka salama Jumatatu. Kisa hicho watu hukisimulia kwa furaha, na mimi nakipenda kwa sababu kinaonyesha nyumba ile inafanya kazi ileile ya miaka mia tatu. Ila mtu mzima anayemeza dawa za presha kila siku na amebeba za siku moja tu hapaswi kujikuta ndani ya kisa hicho. Wewe ni muuguzi, sina haja ya kukufundisha baridi inafanya nini kwa mishipa ya mama yako. Kama ana dawa za kila siku, mfungie za siku nne.

Ningekuwa mahali pako, ningewaomba wenzangu tubadili mpango hivi. Asubuhi, Keld. Kutoka kijijini hadi maporomoko ya Kisdon Force ni mwendo mfupi, mtoto atafurahi kelele za maji, na mama akiona njia inateleza anaweza kubaki kijijini na mmoja wenu. Mwenye nguvu afuate mto Swale kuelekea kijiji cha Muker, kama kilomita 5, bondeni, upepo ukiwa umekingwa. Kisha wote mpande magari hadi Tan Hill kwa chakula cha mchana, na mwondoke saa tisa, mwanga ukiwepo. Barabara ni nyembamba, haina uzio, na kondoo hulala juu ya lami. Dereva wa kurudi asiwe amegusa pombe. Jazeni mafuta kabla ya kuingia bondeni. Onyo la theluji au barafu likitolewa, acheni Tan Hill kabisa na mle Muker, ambako kuna pabu ya kijiji, chini zaidi na rahisi kutoka.

Msiende kwa ajili ya pabu peke yake, maana bonde la Swaledale ni zuri kupita kiasi. Mtakuta kuta za mawe zilizopangwa bila tone la saruji, kila jiwe limekaa juu ya mawili, na mianya myembamba ambayo mtu anapenya na kondoo hapenyi. Katikati ya mashamba kuna mabanda ya mawe: ng'ombe walikaa chini wakati wa baridi, nyasi kavu zikiwa darini, zikashushwa moja kwa moja hadi mdomoni mwao. Kondoo wa hapo wana uso mweusi na pua nyeupe, na kichwa cha dume lao ndicho alama ya hifadhi ya Yorkshire Dales. Kanisa la Muker lilijengwa mwaka 1580. Kabla yake maiti wa huku juu walibebwa kwa miguu hadi kijiji cha Grinton kwenda kuzikwa, mwendo uliochukua hadi siku mbili, na njia hiyo bado inapitika. Mwambie mama habari hiyo. Wazee wetu wanaelewa haraka uzito wa kumbeba maiti mbali.

Mkipata nafasi ya kurudi, njooni mwishoni mwa Juni, mashamba ya majani ya Muker yakiwa yamechanua. Piteni mmoja nyuma ya mwingine kwenye mawe ya njia, kwa sababu majani yale ndiyo chakula cha mifugo cha msimu wa baridi, na yakikanyagwa hayakatiki vizuri. Kila lango mliache kama mlivyolikuta. Ng'ombe mwenye ndama mmzunguke kwa mbali.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kama mama ana matatizo ya moyo, kifua au magoti, apimwe na daktari kabla ya safari. Kama hakuna kati yenu anayejua ramani na dira, msipande nyikani Novemba bila kiongozi wa matembezi; tembeeni bondeni. Pigeni simu pabu siku mbili kabla: muulize kama jiko litakuwa wazi, mtoto aruhusiwe chumba gani, na meza ya watu wangapi mnaihifadhi. Asubuhi ya safari wapigieni tena mkawaulize barabara ikoje, kwa kuwa wao wanaiona kwa dirisha. Na ikitokea mtu amevunjika au mmepotea, piga 999, omba polisi, kisha omba waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawadai malipo. Kabla hujaondoka nyumbani, tuma neno "register" kwenda 999 na ufuate maelekezo yatakayorudi. Hapo utaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi mahali ambapo mtandao hautoshi kupiga simu. Wenzako wote wafanye hivyo Ijumaa, kila mmoja kwa simu yake.